Watoe wanao Jumapili, barabara hazina kiingilio

JE, msomaji, mara ya mwisho wewe na wanao mlipotoka nyumbani pamoja, si kwenda kanisani wala harusini wala kumjulia hali mgonjwa, ilikuwa lini? Wengi wetu tukiulizwa swali hili huanza kuhesabu kwa vidole, kisha tukanyamaza.

Sababu inayotolewa ni moja: pesa. Na si uongo. Baba wa watoto watatu anayeishi Umoja, Kayole au Kawangware akipiga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio cha watu watano, vibanzi na soda, hufika mahali akaikunja ile karatasi na kuwasha runinga. Watoto nao hushinda kati ya runinga, simu ya mama na ngazi za ploti. Matokeo yake ni kwamba mtoto huzaliwa Pumwani, akasomea Buruburu hadi akamaliza shule, na Nairobi anayoijua ni njia ya kutoka nyumbani hadi darasani pamoja na kituo cha matatu. Mwambie aandike insha kuhusu safari aliyoifurahia, atakuandikia juu ya Mombasa ambako hajawahi kutia mguu, akupambie na mawimbi ya bahari na madafu. Mwalimu atampa alama nzuri. Pengine naye hajafika.

Hebu tuiweke kando kidogo hiyo habari ya kiingilio. Safari nzuri ya familia katika jiji hili haihitaji lango. Inahitaji nauli, viatu visivyobana, na mzazi anayeweza kumweleza mtoto kile anachokitazama. Hilo la tatu ndilo adimu. Wazazi wengi tumepita karibu na sanamu za mjini miaka nenda miaka rudi, nasi hatuwezi kumwambia mtoto ni za nani na zilisimamishwa kwa nini.

Chagua Jumapili, baada ya ibada. Siku hiyo katikati ya jiji hupumua. Maduka mengi huwa yamefungwa, magari ni machache, na mtoto anaweza kusimama kando ya njia akaangalia juu bila kupigwa kikumbo. Funga chakula chako nyumbani: viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, mandazi, chupa ya chai na maji ya kutosha. Usione haya. Aidha, weka sarafu kando kwa ajili ya vyoo vya umma, kwa sababu mtoto hangoji.

Anzia Moi Avenue, mbele ya jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa ambalo sote hulitumia kama mahali pa kukutania: "Ningoje Archives." Jengo hilo la nguzo lilikuwa benki zamani za ukoloni. Hapo karibu amesimama Tom Mboya wa shaba. Mwambie mtoto kwamba mtu huyu, mzaliwa wa ukoo wa Rusinga, aliuawa kwa risasi Julai 5, 1969, hatua chache tu kutoka sanamu ilipo, alipokuwa akitoka katika duka la dawa siku ya Jumamosi. Alikuwa waziri, na umri wake ulikuwa miaka 38. Sanamu yenyewe ilizinduliwa mwaka 2011. Kwa mwanafunzi kuna jambo lingine la kukumbuka: mwaka 1959, Mboya na wenzake walifanya mpango wa ndege iliyowapeleka vijana 81 Marekani kusoma, wakati ambapo huku kwetu nafasi za elimu ya juu kwa Mwafrika zilikuwa za kutafutwa kwa tochi. Wengine waliwafuata katika miaka iliyofuata. Nyuma ya Moi Avenue iko barabara yenye jina lake, ambayo zamani iliitwa Victoria Street. Hata Moi Avenue iliitwa Government Road.

Kutoka hapo ingieni Mama Ngina Street hadi inapokutana na Kimathi Street. Huna haja ya kuwaonyesha watoto, wataiona wenyewe sanamu ya Dedan Kimathi, bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili, nywele zake zimesokotwa. Ilizinduliwa Februari 18, 2007, na tarehe hiyo haikuokotwa barabarani. Ilikuwa imetimia miaka 50 kamili tangu Waingereza wamnyonge katika gereza la Kamiti. Waache watoto waizunguke. Wakubwa waulize: mtu aliyeitwa gaidi na serikali moja anakujaje kusimamishiwa sanamu na serikali nyingine? Usiwajibie upesi. Kijana wa kidato cha pili akianza kubishana na babake barabarani kuhusu jambo la maana, hiyo ni faida ambayo hakuna bembea ya kulipia itakayokupa.

Fuateni Kimathi Street mpaka Kenyatta Avenue. Barabara hii ni pana kupita kiasi, na wazee husema ilipimwa hivyo ili mikokoteni ya kukokotwa na mafahali wengi iweze kugeuka. Ndipo penye sanamu ya watu watatu ambayo maelfu huipita kila siku wakidhani ni pambo. Iliwekwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika walioingizwa katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, askari pamoja na wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi kwenda kupigana na Wajerumani upande wa Tanganyika. Wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi si kwa risasi bali kwa njaa na maradhi. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, basi mpe mtoto anayejua kusoma kazi ya kukusomea. Kisha muulize kama anajua jina la Kariokor lilitoka wapi. Jeshi la wapagazi lilikuwa likiitwa Carrier Corps kwa Kiingereza. Watu wetu walilitamka kwa ulimi wao, na mtaa ukalibeba jina mpaka leo. Kama mnaishi upande huo, au huwa mnakwenda Kariokor kununua viondo na viatu vya ngozi, ona jinsi macho ya mtoto yatakavyobadilika.

Mkiendelea na barabara hiyo hiyo mtafika Koinange Street, palipo na mnara wa kumkumbuka Galton-Fenzi, Mzungu aliyeendesha gari kutoka Nairobi hadi Mombasa mwaka 1926, wakati hapakuwa na barabara ya kuitwa barabara. Mnara huo ulijengwa kuonyesha umbali wa kwenda miji mbalimbali. Watoto wa siku hizi, waliozoea kuulizia njia kwenye simu, huona ajabu kwamba watu waliwahi kuuliza jiwe.

Sasa kateni kurudi nyuma kupitia Wabera Street mpaka Banda Street. Njiani uwatolee kitendawili cha majina. Wabera ni nani? Ni Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliyeuawa na mashifta Juni 1963, miezi michache kabla ya uhuru. Banda ni yule wa Malawi. Muindi Mbingu, mtakayeikuta barabara yake baadaye, aliongoza Wakamba mwaka 1938 wakatembea kwa miguu hadi Nairobi kulalamikia kuuzwa kwa ng'ombe wao na serikali ya kikoloni, wakapiga kambi jijini kwa wiki kadhaa. Mtoto akilalamika kwamba miguu inauma, mkumbushe hao waliotoka Machakos.

Katika Banda Street, karibu na msikiti wa Jamia, ipo maktaba ya McMillan yenye simba wawili wa mawe mbele ya ngazi. Ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa zaidi ya miaka ishirini haikumruhusu Mwafrika kuingia kusoma. Hata milango ikiwa imefungwa Jumapili, simba hao wanaonekana, na wadogo hawachoki kuwatazama. Kwa wanaoishi Eastlands, maktaba hii ina matawi yake Kaloleni na Makadara, ambayo yamefanyiwa ukarabati katika miaka ya hivi karibuni. Huko mtoto anaweza kwenda wakati wa likizo, tena kwa miguu. Binafsi naona ni aibu kwamba wakazi wengi wa mitaa hiyo wanajua ratiba ya mechi za Uingereza kuliko saa za kufunguliwa kwa maktaba ya jirani.

Kufikia hapo tumbo litakuwa linadai haki yake. Shukeni na Muindi Mbingu Street, mpite soko la City Market, mkatafute kivuli katika bustani ya Jeevanjee. Tandikeni leso, fungueni makopo. Wakati watoto wanakula, wasimulie kuhusu mwenyewe. Alibhai Mulla Jeevanjee alikuwa tajiri Mhindi aliyetoka Karachi, na ndiye aliyeanzisha, kule Mombasa, gazeti lililokuja kuwa The Standard. Mwaka 1906 aliwapa wakazi wa Nairobi kiwanja hiki wapumzikie, akaweka na sanamu ya Malkia Victoria, ambayo watu wasiojulikana waliiharibu mwaka 2015. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kujenga jumba la ghorofa na maegesho ya magari hapo mlipoketi. Mjukuu wake, Zarina Patel, alipiga mbiu, wananchi wakaitika, mpango ukafa. Miaka miwili kabla, Profesa Wangari Maathai alikuwa amesimama vivyo hivyo kupinga jumba la orofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru. Alitukanwa hadi bungeni, lakini jumba halikujengwa.

Nayasema haya kwa sababu kuna wazazi wanaodhani bustani za bure ni za wasio na kazi. Mimi siafiki. Kiwanja cha umma kisichokanyagwa na umma hupata mwenyewe upesi katika nchi hii, na mara nyingi huja na hatimiliki mkononi. Mama anayekuja na wanae watatu kula viazi kwenye nyasi za Jeevanjee anakilinda kiwanja hicho pasipo kubeba bango.

Jumapili hiyo itoshe. Msiwachoshe watoto mpaka wakaichukia safari. Jumapili nyingine nendeni City Park, kule Parklands, kwa matatu za njia ya Limuru Road, mshukie karibu na hospitali ya Aga Khan. Huu ni msitu halisi wa miti ya kiasili ndani ya jiji, wa hekta 60 hivi zilizobaki baada ya vipande vyake kunyakuliwa mwaka hadi mwaka. Wenyeji wake ni kima. Hushuka mitini wakakufuata, na asiyekuwa mwangalifu hupokonywa ndizi mchana kweupe. Watu wengi huwalisha njugu mkononi ili wapigwe picha. Ushauri wangu ni kwamba uwatazame na mfuko umefungwa. Kima ni mnyama wa mwitu, ana meno, na aliyezoea kulishwa humwandama hata mtoto asiye na kitu.

Humo bustanini yapo makaburi ambayo hayafai kupitwa. La kwanza ni la Pio Gama Pinto, mwanahabari na mbunge mzaliwa wa Nairobi, aliyewekwa kizuizini na wakoloni, kisha akapigwa risasi nje ya nyumba yake Februari 24, 1965, nchi ikiwa huru. Bintiye mdogo alikuwa ndani ya gari. Karibu naye wamelala Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliyefariki mwaka 1990, na mkewe Sheila. Murumbi alitaka azikwe karibu na rafiki yake. Mahali hapo pamepambwa kwa sanamu za mawe, maana Murumbi alikusanya kazi za sanaa maisha yake yote, na sehemu kubwa ya mkusanyo wake iko ndani ya lile jengo la Archives mlikoanzia Jumapili ya kwanza. Humo kuna kiingilio, lakini sasa watoto watakuwa na sababu ya kukuomba.

Ziko sehemu nyingine, kama vile Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 kujaribia miti ya kuni za gari la moshi, msitu wa Karura na makavazi ya reli. Hizo huwa na malipo ya mlangoni, na viwango hubadilika, kwa hivyo ulizia kabla ya kufunga safari. Mwanafunzi abebe kitambulisho cha shule. Waliozoea kuweka shilingi kumi kumi kwenye mkebe wanaweza kuzifikia moja moja, kwa kila likizo.

Mkitoka City Park, vukeni kwa uangalifu mwende sokoni ng'ambo ya Limuru Road mkanunue matunda ya kula njiani. Jitahidini mwe kituoni kabla ya saa kumi na moja, kwa kuwa jioni ya Jumapili watu hurejea kutoka mashambani na makanga hupandisha nauli bila kumuarifu mtu, hasa kukiwa na dalili za mvua. Na kile kiti cha dirishani mwachieni kitindamimba, awasomee majina ya barabara.