Je, Wajua? Pawasaplai ya Wati 750 Haili Wati 750

Kijana anayejiundia kompyuta ya gemu Kwa Mrombo, mtaa unaosifika Arusha kwa nyama choma kuliko kwa kompyuta, ataulizwa nyumbani kabla hajafungua boksi: hilo dude la wati 750 si litatumalizia LUKU? Halitamaliza. Namba ile ni kikomo cha umeme ambao pawasaplai inaweza kuvigawia vifaa vya ndani. Vifaa vikihitaji wati 200, ya 450 itatoa 200 na ya 750 itatoa 200 hizo hizo. Kinachoongezeka ni kile kinachopotea kama joto: kwa ufanisi wa asilimia 85, wati 200 za ndani huvuta takriban 235 kwenye soketi, na uniti moja huisha baada ya saa nne na robo hivi.

Basi tupige hesabu. Prosesa ya Ryzen 5 5600 ina kikomo cha wati 76, kadi ya grafiki ya RTX 3060 ina 170, na bodi, memori, diski na feni tuvipe 60. Jumla ni 306. Mbona NVIDIA wanashauri 550 kwa kadi hiyo? Wala si tamaa ya biashara tu. Kadi za siku hizi huruka juu ya namba yake kwa vipande vidogo sana vya sekunde, na pawasaplai iliyobanwa hujizima mechi ikiwa imenoga.

Wati za ubavuni nazo si za kuaminiwa hivi hivi. Tafuta kwenye lebo mstari wa volti 12, maana prosesa na kadi ya grafiki hupata karibu umeme wake wote kutoka hapo, kisha zidisha ampea zake kwa 12. Ikisomeka ampea 30, umepata wati 360 hata kama nje imeandikwa 550. Ningechukua 550 ya kweli na kuiacha 750 ya namna hiyo dukani.

Je, wajua kwamba alama ya ufanisi ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004, ilipimwa kwanza kwa volti 115 za Marekani? Kwenye volti 230 za TANESCO pawasaplai ile ile hupoteza umeme kidogo zaidi. Nafuu ni ya asilimia moja au mbili, lakini ipo.

Umeme ukishuka jioni, balbu ya kizamani hufifia. Pawasaplai hufanya kinyume: huvuta ampea nyingi zaidi ili wati zibaki zile zile. Wati 235 kwenye volti 230 ni ampea moja tu na kidogo. Kwenye volti 180 ni 1.3, na ongezeko hilo hupasha joto sehemu zake pamoja na ekstensheni dhaifu. Iliyoandikwa 100–240 itavumilia. Ya 200–240 huenda ikazima. Za zamani zina swichi nyekundu ya 115 na 230 nyuma. Ukiichomeka kwenye umeme wetu ikiwa kwenye 115, utasikia mlipuko.

Baadhi ya pawasaplai kutoka China zina alama ya mlima yenye maneno ya kuonya zisitumike juu ya mita 2,000. Hewa nyepesi hupoza vibaya na huzuia cheche kwa udhaifu zaidi. Jiji la Arusha liko kwenye mita 1,400 hivi, kwa hiyo Kwa Mrombo hakuna shida; anayeishi juu zaidi kwenye miteremko ya Meru asome lebo.

Na ukinunua Dell OptiPlex 9020 ya mtumba ili uitie kadi kubwa na pawasaplai mpya ya kuibeba, jua kwamba bodi yake hupokea plagi ya pini 8, ilhali pawasaplai ya kawaida ina ya pini 24. Itakubidi upate adapta, au utafute kadi kama GTX 1050 Ti isiyozidi wati 75, inayolishwa na bodi yenyewe.