Kuondoa Aikoni Zisizohitajika Kwenye Upau wa Menyu wa Kompyuta
Sehemu ya Pili: Alama na Kazi Iliyo Nyuma Yake

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza asili ya upau wa menyu, yaani ukanda mwembamba unaokaa juu kabisa ya skrini ya kompyuta za Apple, ambao ulionekana kwenye kompyuta ya Lisa mwaka 1983 na kwenye Macintosh mwaka 1984, na ambao upande wake wa kushoto hubeba menyu za programu inayotumika kwa wakati huo. Sehemu hii inashughulikia upande wa kulia, ambako hujipanga aikoni, yaani vipicha vidogo vinavyoonyesha hali ya betri, sauti, mtandao wa Wi-Fi na programu nyingine zilizosakinishwa na mtumiaji mwenyewe au zilizoingia pamoja na kifaa kama printa. Jambo la msingi ni kwamba kuondoa aikoni na kusimamisha kazi inayofanyika nyuma yake ni matendo mawili tofauti, na asiyeyatenganisha anaweza kubaki na upau safi juu ya kompyuta iliyolemewa.

Wingi wa aikoni si suala la urembo tu, kwa kuwa nafasi ya upau ina mpaka. Mfumo endeshi wa macOS, ambao ndio programu kuu inayosimamia kompyuta hizo, huzipa kipaumbele menyu za programu, na menyu hizo zinapokuwa ndefu, aikoni zilizo karibu nazo hufichwa bila onyo lolote. Hali hiyo ilizidi kuonekana kuanzia Oktoba 2021, kompyuta za MacBook Pro za inchi 14 na 16 zilipotolewa zikiwa na mkato mweusi wa kamera katikati ya ukingo wa juu wa skrini, mkato ambao hula sehemu ya upau. Hivyo mtu mwenye aikoni nyingi anaweza kudhani kwamba programu ya kuhifadhi nakala za mafaili yake imejifunga, ilhali inaendelea na kazi na ni alama yake tu iliyokosa mahali pa kukaa.

Kabla ya kuondoa chochote, inafaa kujua mwenye aikoni ni nani, kwa sababu aikoni hizo ni za makundi mawili. Kundi la kwanza ni la mfumo endeshi wenyewe, na njia fupi ya kuziondoa nyingi kati yake ni kushikilia kitufe cha Command, kuiburuta aikoni kwa kipanya hadi nje ya upau, kisha kuiachilia pindi alama ndogo mfano wa herufi x inapojitokeza kando ya mshale. Kitufe hichohicho hutumika kuzipanga upya aikoni zinazobaki, endapo mtumiaji ataziburuta kushoto au kulia bila kuzitoa nje. Hata hivyo, aikoni ya Control Center, ambayo ni paneli iliyoletwa na toleo la Big Sur mwaka 2020 ili kukusanya vidhibiti vya mara kwa mara mahali pamoja, haitoki kwa njia hiyo, wala saa haitoki, ingawa saa inaweza kubadilishwa kuwa ya mishale ili ichukue nafasi ndogo zaidi.

Njia ya pili hupitia programu ya System Settings, ambayo tangu toleo la Ventura la mwaka 2022 ina ukurasa unaomwezesha mtumiaji kuamua kama aikoni fulani ionekane daima, ionekane pale tu inapokuwa na kazi, au isionekane kabisa. Chaguo la kati lina manufaa makubwa kwa alama kama ile ya kuakisi skrini, ambayo haina sababu ya kukaa juu siku nzima. Katika toleo la Tahoe la mwaka 2025, mipangilio hiyo ilipewa ukurasa wake wenyewe, na ikapanuliwa ili mtumiaji aweze pia kuzima aikoni za programu zilizotoka nje ya Apple.

Kundi la pili, yaani la programu hizo za nje, ndilo lenye utata zaidi, kwa sababu kabla ya mabadiliko hayo kila programu ilijiamulia kama aikoni yake itatoka au la, na mara nyingi swichi yake ilikuwa imefichwa ndani ya mipangilio ya programu yenyewe. Isitoshe, kung'oa kibao cha duka hakufungi biashara: programu iliyofichwa alama huendelea kutumia kumbukumbu, betri na intaneti. Anayetaka kuisimamisha hana budi kuifunga, kisha kuitoa kwenye orodha ya programu zinazojiwasha kompyuta inapofunguliwa, ambayo katika Ventura na matoleo yaliyofuata hupatikana chini ya kichwa cha Login Items. Na kama haihitajiki tena, aisanidue kabisa.

Zipo pia programu zilizoundwa mahususi kuficha aikoni za programu nyingine, zikiwamo Bartender, Ice na Hidden Bar. Hizo husaidia, lakini baadhi yake huomba ruhusa ya kurekodi skrini na ya kudhibiti kompyuta, ruhusa ambazo ni nzito kuliko usumbufu wa vipicha vichache. Uzito huo ulidhihirika mwaka 2024, watumiaji wa Bartender walipogundua kwamba programu hiyo ilikuwa imeshapata mmiliki mwingine kabla ya wao kuarifiwa.

Kwa hiyo utaratibu unaofaa ni kuanza kwa kusanidua kisichotumika, kufuatisha kwa kuzuia kinachojiwasha bila sababu, na kumalizia kwa kuficha alama za programu zinazohitajika lakini zisizohitaji kutazamwa. Alama za tahadhari, kama nukta ya rangi ya chungwa inayoashiria kwamba maikrofoni inatumika, ziachwe mahali pake, kwani manufaa yake ni kuonekana hata pale mtumiaji asipozitarajia. Sehemu ya tatu itaugeukia mfumo wa Windows, ambao tangu mwaka 1995 huweka aikoni za namna hii kwenye kona ya chini ya skrini, na ambao una taratibu zake za kuzificha.