Magome ya kenkina yanafanya nini mwilini kisha kuyanywa?

Juma lililopita mama mmoja wa Rughenda alikuja mpaka mlangoni pa redio na swali. Mume wake alirudi kutoka Mangurujipa na homa. Hakupimwa. Alinunua vidonge vya kinini kwa farmasi, akaanza kumeza. Siku ya pili jirani akaleta bidoni ya lita mbili ya magome ya kenkina yaliyochemshwa, akamwambia: «Kunywa, papa, hii ni ya asili, haina mabaya.» Usiku ule masikio yakaanza kulia ngiii, sawa vile pikipiki imewashwa ndani ya kichwa. Macho yakaona ukungu, akatapika. Mama anauliza: ni malaria imezidi, ao ni dawa?

Swali hili linahusu watu wengi hapa kwetu. Kenkina inalimwa kwenye vilima vya Lubero na Beni, magome yanapita Butembo kwenda kuuzwa, na kiwanda cha Pharmakina kule Bukavu kimetengeneza kinini kwa miaka mingi. Mwenye shamba hakosi magome nyumbani. Ili kumjibu mama, tufuate safari ya kikombe kimoja, toka sufuria mpaka mkojo.

Ndani ya gome mna nini?

Mwaka wa 1820, Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kutoa kinini safi ndani ya gome la kenkina. Mbele ya hapo watu walikuwa wanasaga gome na kunywa, bila kujua wamekunywa dawa kiasi gani. Ugunduzi wao ulileta kitu kimoja kikubwa: dozi inayoweza kupimwa.

Gome halina kinini peke yake. Lina pia ndugu zake: kinidini, sinkonini na sinkonidini. Kinidini inagusa mapigo ya moyo, hata waganga wamekwisha kuitumia kama dawa ya moyo. Anayekunywa gome anakunywa ndugu wote hao kwa pamoja.

Tena miti haifanani. Gome la mti mmoja linaweza kuwa na kinini chini ya sehemu 1 kwa 100, la mwingine likapita sehemu 10 kwa 100. Inategemea aina ya mti, umri wake, na udongo. Tufanye hesabu: gramu 20 za gome lenye sehemu 1 kwa 100 zina miligramu 200 za kinini. Gramu 20 za gome lenye sehemu 8 zina miligramu 1.600. Kwa macho ni magome yale yale. Maji ya moto nayo hayatoi dawa yote, na kila mama anachemsha kwa namna yake. Uchungu hauwezi kukuambia kitu, maana ndugu wale wengine nao ni wachungu.

Toka tumbo mpaka damu

Kuna mimea ambayo dawa yake inapita kwa shida ndani ya mwili. Mfano ni ginseng, ule mzizi wa Wachina na Wakorea unaouzwa kama dawa ya nguvu. Dawa yake kubwa inapita kidogo sana kwenye ukuta wa utumbo. Inangoja kwanza vijidudu vya utumbo viikate vipande, ndipo sehemu fulani iingie.

Kinini haingoji. Kwa kila sehemu 100 unazomeza, karibu 80 zinaingia katika damu. Saa moja mpaka tatu kisha kunywa, damu imefika kwenye kipimo cha juu kabisa. Kwa hiyo kikombe cha kenkina si chai ya kushindilia chakula. Ni dawa kamili, na inaingia karibu yote.

Katika damu: mzima na mgonjwa hawako sawa

Ndani ya damu, sehemu kubwa ya kinini inashikwa na protini. Ile iliyoshikwa haifanyi kazi. Ile iliyo huru ndiyo inaingia kwenye chembe nyekundu na kuua kijidudu cha malaria, lakini ndiyo pia inayogusa masikio, macho na moyo.

Mtu anapougua malaria, mwili wake unaongeza protini hizo, na karibu sehemu 90 kwa 100 za kinini zinashikwa. Kwa mtu mzima wa afya, zinashikwa pungufu, kama 70 ao 80. Kumbe yule asiyekuwa na malaria, anayekunywa kenkina kila asubuhi «kwa kujikinga», ndiye anabaki na kinini huru nyingi zaidi. Anapata mabaya ya dawa, na hana ugonjwa wa kutibu.

Maini ndiyo yanasafisha

Maini yanavunja karibu sehemu 80 kwa 100 za kinini. Zile 20 zinazobaki zinatoka kwa mkojo vile zilivyoingia. Kwa mtu wa afya, nusu ya dawa inaisha kwa saa 11 hivi. Kwa mgonjwa wa malaria kali, maini yamechoka, na nusu ile inaweza kuchukua mpaka saa 18.

Weka hapo mfano wa mtu mzima wa kilo 60. Dozi inayojulikana ni miligramu 10 kwa kila kilo, maana yake miligramu 600, kila saa 8, siku 7. Angalia vizuri: anameza tena kabla nusu ya dozi ya kwanza haijaisha. Dawa inapanda kidogo kidogo kwa siku mbili za kwanza, halafu inatulia mahali pake. Hesabu hiyo ilifanywa kwa uangalifu, juu kipimo kinachotibu na kipimo kinachodhuru viko karibu sana.

Sasa ongeza bidoni ya jirani. Mwili hautofautishi kinini ya kidonge na kinini ya gome. Zote zinaingia mlango mmoja, zinangojea maini yale yale. Ndiyo sababu masikio ya baba yule yalilia. Masikio kulia, kichwa kuuma, kutapika na kuona ukungu ni dalili za kinini inayozidi. Ikizidi zaidi, moyo unapiga vibaya na mtu anaweza kupoteza macho. Kinini inaweza pia kushusha sukari ya damu, zaidi sana kwa mama mjamzito, mpaka azimie.

Dawa nyingine nazo zinaingilia kazi ya maini. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza rifampisini, maini yake yanaondoa kinini haraka sana, na malaria inaweza kurudi.

Basi tufanye nini?

Kwanza, homa ipimwe. Sisi wa Beni na Butembo tuliona Ebola toka 2018 mpaka 2020, tunajua kwamba si kila homa ni malaria.

Pili, toka 2005 nchi yetu ilichagua dawa za kuchanganya, zenye artesunate ndani, ziwe za kwanza kwa malaria ya kawaida. Kinini ina nafasi yake bado, lakini mwenye kuichagua ni muuguzi ao munganga, akiwa amepima kilo za mgonjwa.

Tatu, mtoto asinyweshwe maji ya kenkina. Kikombe kinachomlevya kichwa mtu wa kilo 60 kinaweza kumwua mtoto wa kilo 10.

Nne, ukiwa umekwisha kunywa magome, sema ukweli kwenye kituo cha afya. Usione haya. Asiyejua umekunywa nini atakuongezea juu yake.

Mama wa Rughenda alimpeleka mume wake kituoni, na akabeba bidoni ile aionyeshe. Walimpima, malaria ilikuwamo kweli. Walimwambia aache magome, wakampa dawa kufuatana na kilo zake. Kisha siku chache masikio yalinyamaza. Magome yaliyobaki nyumbani, mama anasema, yanangoja mnunuzi.