Taa za lori kuukuu zikileta utata, anza na waya wa hasi

LORI linaloshuka mlima Kitonga usiku bila taa za breki ni hatari kwa kila aliye nyuma yake. Dereva anayelifuata hawezi kujua kuwa limepunguza mwendo hadi awe amelikaribia mno. Hata hivyo, katika malori kuukuu hitilafu hiyo mara nyingi haitokani na kifaa cha gharama kubwa, bali waya ulioliwa na kutu, kiungo kilicholegea au fyuzi isiyo ya kipimo chake.

Nyaya za taa za nyuma hupita kandokando ya chasisi, mahali panaporushiwa matope na mawe na magurudumu. Mtikisiko hulegeza viungo, maji na vumbi huingia katika soketi, na kwa magari yanayopakia bandarini, hewa ya chumvi huharakisha kutu. Aidha, lori lililofanya kazi kwa miaka 20 huwa limepita katika mikono ya mafundi wengi, kila mmoja akiongeza waya wake na kuufunga kwa tepu.

Hatua ya kwanza ni kutazama kabla ya kufungua chochote. Mtu mmoja akae kwenye usukani, mwingine asimame nyuma, kisha taa ziwashwe moja baada ya nyingine. Kwa malori yanayotumia breki za upepo, matangi yajazwe kwanza, kwani kwa kawaida swichi ya taa za breki huendeshwa na shinikizo la upepo huo.

Ikiwa taa moja tu haiwaki, shuku balbu au soketi yake. Indiketa za upande mmoja zikipepesa kwa kasi kuliko kawaida, mara nyingi balbu moja ya upande huo imeungua. Taa zote za breki zikikataa ilhali nyingine zinawaka, kagua fyuzi na swichi ya breki.

Dalili inayowachanganya wengi ni ya taa kuingiliana. Dereva anakanyaga breki, indiketa inawaka kwa unyonge au taa za nyuma zinafifia. Hapo wa kushukiwa kwanza ni waya wa hasi, ambao mafundi huuita ethi. Umeme unaotoka kwenye betri sharti urudi kwenye betri. Njia ya kurudia ikizibwa na kutu au rangi, umeme hutafuta upenyo kupitia balbu ya jirani na kuiwasha bila kuamriwa.

Malori mengi makubwa hutumia volti 24, zinazopatikana kwa kuunganisha betri mbili za volti 12. Balbu ya breki ya wati 21 katika mfumo huo hutumia takriban ampea 0.9. Taa kadhaa zikiwaka pamoja, umeme wa zote huweza kurudi kupitia waya mmoja wa hasi. Ndiyo maana kutu kidogo mahali hapo huathiri taa nyingi kwa pamoja.

Kipimo chake ni rahisi. Taa ikiwa imewashwa, weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya taa na nyingine kwenye hasi ya betri. Usomaji ukizidi nusu volti, njia ya kurudia ina kasoro. Fungua boliti, sugua hadi chuma king'ae, kaza tena, kisha paka grisi kuzuia unyevu.

Tela huleta utata zaidi. Katika soketi ya kawaida yenye pini saba, pini namba moja ndiyo ya hasi, na ikilegea taa zote za tela huyumba. Njia ya haraka ya kubaini ni kuchomoa waya wa tela: kasoro ikitoweka, imo kwenye tela au soketi, ikibaki, imo kwenye lori lenyewe.

Fyuzi inayoungua mara kwa mara ni ishara ya shoti. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kipande cha waya mahali pake, ni kukaribisha moto, kwa sababu kitakachoungua safari hiyo ni waya wenyewe. Ni vema kuunganisha kwa muda balbu ya wati 21 mahali pa fyuzi. Ikiwaka kwa nguvu, shoti ingalipo. Chomoa matawi ya waya moja moja. Balbu itakapofifia ghafla, tawi hilo ndilo lenye hitilafu.

Kabla ya kukata au kuunga waya, hasi ya betri iondolewe. Viungo vya kusokota kwa mkono viepukwe. Viungo vilivyobanwa au kulehemiwa kwa risasi na kufunikwa vizuri ndivyo hudumu.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe katika hali nzuri kabla ya kuingia barabarani. Kuzunguka lori kabla ya giza kuingia, taa zote zikiwa zimewashwa, huchukua dakika chache tu, na dakika hizo zaweza kuokoa maisha ya walio nyuma.