SRO: sukari inafanya kazi gani ndani ya maji ya chumvi?

Wakati wa kolera, mzazi anaonja maji ya SRO na kusema: hii ni chumvi na sukari tu, nitampa mtoto maji ya kawaida ao soda, itatosha. Haitoshi. Sababu iko ndani ya utumbo, kwenye vyumba vidogo kabisa vya mwili vinavyoitwa seli.

Kila seli imezungukwa na ukuta mwembamba wa mafuta. Glukozi, ile sukari inayobebwa na damu, haiwezi kupenya ukuta huo bila mlango. Kwenye utumbo mdogo mlango ni protini iitwayo SGLT1, nayo iko na sheria yake: glukozi moja inaingia pamoja na chembe mbili za sodiamu, ile iliyo ndani ya chumvi. Zikishaingia, maji yanafuata. Mwanasayansi wa Marekani, Robert Crane, ndiye alieleza jambo hilo huko Prague, mwaka 1960.

Sumu ya kolera inalazimisha seli kumwaga chumvi na maji ndani ya utumbo, tena inafunga njia ingine ya chumvi. Lakini mlango wa SGLT1 haiugusi. Njo maana maji ya chumvi bila sukari yanatoka mengi, na yale yenye sukari yanabaki mwilini. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na seromu za mshipa. Akawapa wagonjwa maji ya chumvi na glukozi ya kunywa. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kwa 100 hadi chini ya 4.

Na mlango wenyewe unatoka wapi? Unatengenezwa kufuatana na jeni, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya seli. Karibu seli zote za mwili ziko na maagizo hayo, ila za utumbo ndizo zinayasoma sana. Tena zinaangalia chakula. Mwana-kondoo anayenyonya ana milango mingi. Akianza kula majani, sukari haifiki tena kwenye utumbo wake mdogo, na milango inapungua sana. Watafiti walipotia glukozi ndani ya utumbo wa kondoo wakubwa, kwa siku chache tu milango ikarudi. Mwaka 2007 ilionekana kwa panya kwamba utumbo unatambua utamu kwa kipokezi sawa na kile cha ulimi (ndiyo, utumbo nao unaonja!), kisha unaongeza milango.

Kuna watoto wachache sana wanaozaliwa na jeni hiyo imeharibika. Maziwa ya mama yenyewe yanawaletea kuhara kwa hatari.

Turudi kwa soda. Sukari yake ni nyingi mno, chumvi karibu hakuna. Sukari inayobaki nje ya mlango inavuta maji kutoka mwilini, na kuhara kunazidi. Kipimo ni kila kitu. Kama kifuko cha SRO hakipo: litre moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo, bila kujaza mlima. Anayenyonya aendelee kunyonya, na mpeleke CTC hata kama anakunywa vizuri.