Muziki wa Sanduku Moja au wa Vipande?

Wajukuu zangu, sogeeni mkekani. Wewe wa Kibaha kaa huku, na wewe wa Kisarawe kaa kule, maana tangu asubuhi mnabishana juu ya muziki na nimesikia kila neno. Nanyi mnaonisoma bila kuwajua hawa wawili, karibuni. Huku kwetu Pwani mtu akisema "leo tunafunga muziki" hazungumzii wimbo. Anazungumzia spika, amplifaya na waya zake.

Ubishi wenyewe ni huu. Wa Kibaha amefuga kuku wa nyama pale Maili Moja, ameuza mara tatu, na sasa ana fedha yake ya kwanza ya jasho. Amepanga chumba kimoja na anataka muziki wa vipande: sanduku moja la kuchagua na kurekebisha sauti, jingine la kusukuma spika, na la tatu la kusoma flashi. Wa Kisarawe, ambaye kila Jumamosi yuko kwenye shughuli za watu akivuta waya, anamwambia, "Kaka, unajitafutia taabu. Nunua sanduku moja lenye kila kitu, chomeka, sikiliza." Hilo ndilo hata yeye mwenyewe analotaka kununua kwa kazi yake. Mkaja kwangu mkitaka niseme nani yuko sawa.

Kabla sijajibu, nitawauliza juu ya mdundiko. Mnaujua. Ni ngoma yetu Wazaramo inayotembea. Mwali anapotolewa watu hawakai uwanjani, wanatoka na ngoma njia kwa njia na umati unaongezeka kila kona. Ngoma ya namna hiyo haiwezi kuwa pipa moja kubwa linalobebwa na mtu mmoja. Kila mpigaji ana ya kwake. Huyu akichoka mkono, mwenzake anaipokea na safari inaendelea. Lakini bibi yenu akimbembeleza mtoto barazani, haiti wapiga ngoma wote wa Maneromango. Anapiga makofi, mtoto analala. Wekeni hayo mawili akilini, tutayarudia.

Sasa tuingie ndani ya sanduku. Sauti inayotoka kwenye simu au flashi huwa ndogo sana ikiwa bado ni umeme. Simu hutoa kiasi cha volti 1 au pungufu. Deki ya CD hufika volti 2. Sindano ya santuri, zile sahani nyeusi za zamani, mara nyingi hutoa kama sehemu 5 za elfu za volti, yaani ukiigawa volti moja vipande 1,000 unachukua 5 tu. Spika je? Mliosoma Kibaha Sekondari na mliosoma Minaki mmefundishwa kanuni ya Ohm, basi pigeni hesabu: spika ya omu 8 ikitaka wati 50, inahitaji volti 20 na ampea 2 na nusu. Kutoka kwenye sehemu 5 za elfu za volti hadi volti 20 ni mlima mrefu kuliko wa Pugu, na amplifaya ndiyo inayoupanda.

Inaupanda kwa kazi mbili. Kwenye shughuli jikoni kuna mama anayeonja chumvi, na kuna vijana wa kunyanyua sufuria la pilau. Kazi ya mama ni ulimi, ya vijana ni misuli. Ndani ya amplifaya, mwonjaji ndiye anayechagua sauti itoke wapi, anayeipandisha na kuishusha, anayeongeza besi au kuipunguza. Mafundi humwita priamplifaya. Mbebaji ni amplifaya ya nguvu. Yeye hachagui chochote, anachukua alichopewa na kukisukuma mpaka karatasi ya spika itikisike. Sanduku moja ni mwonjaji na mbebaji wanaoishi nyumba moja. Vipande ni pale kila mmoja anapokuwa na nyumba yake.

Kwa nini mtu awatenganishe? Sababu kubwa ni transfoma. Umeme wetu wa volti 230 hupiga mara 50 kwa sekunde, na transfoma nene ya mbebaji huitikia mpigo huo, ikitawanya usumaku kuizunguka. Mwonjaji anashughulika na vitu vidogo mno. Akikaa karibu na transfoma, anaokota ule mngurumo kana kwamba nao ni sehemu ya wimbo, anampa mbebaji, na mbebaji anaukuza pamoja na wimbo. Ndiyo ile "mmmm" mnayoisikia kabla wimbo haujaanza. Sababu ya pili ni besi. Ngoma nzito ikipiga, mbebaji huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Kama mwonjaji anakunywa kisima hichohicho, maji yanapungua na sauti nyembamba zinachafuka. Mpe kisima chake, anatulia.

Hizo ni sababu za kweli. Lakini sikilizeni vizuri, fundi mwenye akili anaweza kuyamaliza yote hayo ndani ya sanduku moja. Anaisogeza transfoma pembeni kabisa, anaizungushia bati, anamtengea mwonjaji njia yake ya umeme. Mwaka 1967 Waingereza wa chapa ya Quad walitoa vipande viwili, mwonjaji aliyeitwa 33 na mbebaji aliyeitwa 303, na watu wangali wanavitengeneza na kuvitumia mpaka leo. Mwaka 1978 kampuni ya NAD ikatoa 3020, sanduku moja la bei ya chini lenye wati 20 tu kwa kila upande, nalo likapendwa dunia nzima na watu waliokuwa na uwezo wa kununua makubwa zaidi. Mtu anayekuambia vipande ni bora siku zote anakuuzia.

Na wati nazo msizitazame kwa tamaa. Ukitoka wati 50 kwenda 100, sikio linaongezewa desibeli 3, kitu kidogo. Ili uone sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji nguvu kama mara 10. Mtaona madukani sabufa zimeandikwa wati 10,000 kwa herufi za dhahabu. Igeuze nyuma, usome kibandiko kinachosema inakula wati ngapi ukutani. Ikiwa inakula 60, haiwezi kutoa hata elfu moja kwa wimbo mzima, maana hakuna sanduku linalozaa umeme. Hili linaniumiza, kwa sababu vijana wengi wa hapa wametoa akiba ya mwaka kwa ajili ya tarakimu ya kwenye boksi.

Niwasimulie kilichonipata nikiwa kijana. Tulikuwa tunafunga muziki wa harusi Kisarawe, vipande vya kuazima, na mimi ndiye niliyejiona fundi. Soketi zilikuwa chache, nikamchomeka mwonjaji nyumba ya jirani na mbebaji nyumba ya harusi. Tulipowasha, spika zote ziliguna kama ng'ombe. Vifaa viwili vilivyounganishwa kwa waya wa sauti, lakini kila kimoja kina njia yake ya kwenda ardhini mahali tofauti, hutengeneza duara, na mngurumo wa umeme huzunguka humo. Dawa yake ni kuvichomeka vyote mahali pamoja. Sikuijua. Nikahamaki, nikamzima mwonjaji na kumwasha tena huku mbebaji anawaka. Ukatoka mshindo mmoja, "pu!", na spika ndogo ya sauti nyembamba ikakatika waya wake ndani. Bibi harusi aliingia kwa makofi na vigelegele vitupu. Tangu siku hiyo sijasahau: mwonjaji huwashwa kwanza na mbebaji mwisho; wakati wa kuzima, mbebaji hutangulia. Anayenunua vipande ananunua na sheria hiyo.

Sanduku moja nalo lina msiba wake. Mjomba wangu wa Kibaha alikuwa na lake, zuri, limefunikwa kitambaa cha kufuma kama tulivyofunika redio zetu za National tangu enzi za kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam. Kitambaa kile ni pambo, ila kinaziba matundu ya kupumulia, na amplifaya ni kitu cha moto. Jioni moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, transfoma ikaungua. Mjomba alikosa redio, kaseti, santuri, vyote siku moja. Angekuwa na vipande angeazima mbebaji mmoja kwa jirani na kuendelea. Lakini vilevile angekuwa na plagi tatu za kulinda, waya sita za kufuta vumbi jekundu, na uniti za umeme wa LUKU zinazokatwa na kila sanduku.

Basi nawajibu.

Wewe wa Kibaha, yako ni kama ile ya bibi barazani: chumba chako ni hatua nne kwa tatu chini ya bati. Vipande havitakupa kitu usichokipata kwenye amplifaya nzuri ya sanduku moja ya wati 30 au 40 za kweli. Fedha uliyotaka kugawa kwa masanduku matatu, nusu yake ipeleke kwenye spika, kwa sababu spika ndizo zinazogeuza umeme kuwa sauti, na hapo ndipo tofauti inaposikika hata kwa asiyejua lolote. Usichukue sabufa ambayo amplifaya imefungwa ndani ya boksi la besi na spika zake ndogo hazibadilishiki. Tafuta amplifaya yenye tundu nyuma la kutolea sauti ya mwonjaji. Siku ukihamia nyumba kubwa utaongeza mbebaji bila kutupa chochote.

Na wewe wa Kisarawe, uliyekuwa unamcheka mwenzako, vipande ni vyako. Kazi yako ni mdundiko. Leo uko Mzenga, kesho Maneromango, barabara ya vumbi, mvua inanyemelea, na watu wamekulipa ili ngoma isisimame. Mbebaji mmoja akifa saa nne usiku, unachomoa waya mbili na kuweka mwingine. Kila sanduku linabebwa na mtu mmoja. Ila ujue hesabu ya omu: ukifunga spika mbili za omu 8 kwenye tundu moja sambamba, mbebaji anaona omu 4, umeme unaomtoka unakuwa mara mbili, na kama hakutengenezwa kwa hilo ataungua na utalaumu kiwanda bure.

Kesho mmoja atateremka kwa Pugu na Gongo la Mboto, mwingine kwa Kibamba na Kimara, mkutane Kariakoo. Kila mmoja abebe flashi yenye wimbo anaoujua mpaka pumzi ya mwimbaji. Kabla hamjatoa hata shilingi, mwambieni muuzaji awashe chombo bila wimbo, afungue sauti hadi nusu, nanyi mtege sikio kwenye spika. Pakiwa kimya, wekeni wimbo wenu. Pakinguruma, mshukuruni kwa muda wake na mwende duka la pili.