Mpangaji ni nani? Msamiati wa mjadala wa makazi katika baraza la jiji

Mijadala kuhusu ongezeko la nyumba mijini hutumia maneno yanayofahamika na kila msemaji wa Kiswahili: mkazi, mpangaji, maendeleo, msongamano, fidia. Kwa kuwa yanafahamika, ni rahisi kudhani kwamba hayahitaji maelezo. Hata hivyo, mengi kati ya maneno hayo yana maana ya kawaida na maana ya kisheria kwa wakati mmoja, na tofauti baina ya maana hizo huweza kuamua nani anahesabiwa kuwa mhusika wa mjadala na nani haonekani kabisa. Makala haya yanaeleza maneno makuu ya uwanja huu kama yanavyotumika Tanzania na Kenya, na kuonyesha mahali ambapo mfasiri, mwalimu au mwanafunzi anaweza kujikwaa.

Baraza, halmashauri na kikao

Neno *baraza* lina maana ya kibenki cha mawe au cha saruji kilichojengwa mbele ya nyumba, hasa katika miji ya pwani, ambapo watu huketi na kuzungumza. Kutokana na maana hiyo, neno limepanuka na kumaanisha mkutano wenyewe na chombo kinachokutana: Baraza la Mawaziri, Baraza la Madiwani. Nchini Kenya, *baraza la chifu* bado ni mkutano wa hadhara ambapo chifu huzungumza na wakazi wa eneo lake.

*Halmashauri* ni tofauti. Halmashauri ni mamlaka nzima ya serikali ya mtaa, pamoja na watumishi na idara zake; baraza la madiwani ni chombo cha wawakilishi ndani ya mamlaka hiyo. Kwa hiyo sentensi "halmashauri ilipiga kura" ina kasoro, kwani wanaopiga kura ni madiwani katika baraza lao.

Neno *jiji* nalo linahitaji uangalifu. Katika mazungumzo, "Jiji la Dar es Salaam" ni mji wote, kuanzia Kigamboni hadi Kimara. Kiutawala, tangu Februari 2021, ilipovunjwa halmashauri ya jiji iliyokuwapo na Manispaa ya Ilala kupandishwa hadhi, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ni eneo lililokuwa Ilala tu. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni ni manispaa zenye mabaraza yao. Nairobi, kwa upande wake, haina baraza la jiji tangu mfumo wa kaunti ulipoanza mwaka 2013. Kazi ya kutunga sheria ni ya bunge la kaunti, na aliyekuwa *diwani* sasa ni *mwakilishi wadi*.

*Mtaa* na *kitongoji* pia hubadilika mpakani. Tanzania, mtaa ni ngazi ya chini ya utawala mjini, yenye mwenyekiti na mkutano wake. Kenya, ni eneo la makazi tu, kama mtaa wa Kilimani. Kitongoji ni sehemu ya kijiji kwa mujibu wa utawala wa Tanzania, ilhali Kenya *vitongoji duni* ni makazi ya watu maskini mjini.

Ushiriki, ushirikishaji, ushirikishwaji

Maneno haya matatu hutumiwa kana kwamba ni moja, ingawa kila moja lina mtendaji wake. *Ushiriki* ni tendo la mwananchi: anakwenda, anasema, anasikilizwa. *Ushirikishaji* ni tendo la mamlaka: inawaita wananchi. *Ushirikishwaji*, lenye kiambishi cha kutendwa, ni hali ya mwananchi kuitwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inautaja ushiriki wa watu miongoni mwa maadili ya kitaifa katika ibara ya 10. Nchini Tanzania, nyaraka nyingi za mipango hutumia "ushirikishwaji wa wananchi". Tofauti hii si ya mtindo pekee. Taarifa inayosema kwamba ushirikishwaji ulifanyika huthibitisha tu kwamba wananchi waliitwa; haisemi kama walizungumza. Katika kikao cha baraza la madiwani, mwananchi kwa kawaida huhudhuria kama msikilizaji, na sauti yake hupitia kwa diwani wake au kwenye mkutano wa mtaa. Anayeandika "wakazi walijadili katika baraza" anapaswa kuhakikisha kwanza kwamba walijadili, na kwamba lilikuwa baraza.

Mkazi, mwenyeji, mmiliki

Kitenzi *-kaa* kimezaa mkazi, makazi, makao na kikao. *Makazi* ni mahali watu wanapoishi pamoja na mazingira yake: nyumba, njia, maji, majitaka. *Makao* hutumika zaidi kwa mahali pa mtu au chombo kukaa, kama katika "makao makuu". Tahajia *makaazi* na *mkaazi* hupatikana sana Kenya na Zanzibar, na haipaswi kusahihishwa pale inapokuwa ndiyo rasmi, kama katika jina la kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi.

*Mkazi* ni yeyote anayeishi mahali. *Mwenyeji* huongeza dai la asili au la kutangulia: mwenyeji ndiye anayempokea mgeni. *Mmiliki* hudai haki juu ya mali. Katika mjadala wa makazi maneno haya hushindana. Mtu akisema "sisi wenyeji wa hapa hatutaki ghorofa", anawatenga wakazi waliohamia karibuni, ambao huenda ndio wanaoihitaji ghorofa hiyo. Diwani akisema "tumekutana na wamiliki", amewaacha nje wote wanaoishi katika nyumba za watu wengine.

*Mmiliki wa ardhi* nchini Tanzania ni usemi wa kawaida usiolingana kikamilifu na sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Anachopewa mtu ni haki ya kuitumia kwa muda na kwa masharti, na *hati miliki* ni ushahidi wa haki hiyo. *Leseni ya makazi*, inayotolewa katika maeneo yasiyopangwa, ni ya muda mfupi na hadhi yake ni ndogo kuliko ya hati. Kuifasiri leseni kuwa hati ni kumpa mtu matumaini ambayo sheria haijampa.

Panga, pango, mpangaji

Hapa ndipo penye utata mkubwa zaidi. Kitenzi *-panga* kina maana ya kuweka mambo kwa utaratibu, na pia ya kuchukua nyumba au chumba kwa malipo. Maana ya kwanza imezaa mpango, mipango miji na mamlaka ya upangaji. Maana ya pili imezaa pango, yaani kodi ya nyumba, na upangaji wa chumba. *Mpangaji* anaweza kuwa anayepanga mji au anayepanga chumba uani.

Muktadha kwa kawaida hutatua utata huu, lakini si daima. Sentensi "wapangaji hawakushirikishwa" inaweza kuwa lawama mbili tofauti kabisa. Waandishi wa kitaalamu huepuka tatizo kwa kumwita mtaalamu *ofisa mipango miji* au *mpangamiji*, na kuliacha neno mpangaji kwa aliyepanga nyumba. Anayepangisha huitwa *mpangishaji* au, katika mazungumzo, *mwenye nyumba*. Inafaa kuufuata utaratibu huo katika tafsiri zote.

Uzito wa suala hili unaonekana katika historia ya Magomeni Kota, Dar es Salaam. *Kota* ni nyumba zilizojengwa na mamlaka kwa ajili ya kupangisha au kukaa watumishi. Wakazi wa kota hizo waliondolewa ili nyumba zivunjwe na kujengwa upya, na eneo likabaki tupu kwa miaka kadhaa. Majengo mapya ya ghorofa yalizinduliwa Machi 2022, na kaya 644 zilizokuwapo zikapewa nafasi ya kurudi. Katika mjadala uliofuata lilitumika jina *mpangaji mnunuzi*: mtu anayelipa kwa awamu hadi nyumba iwe yake. Kwa jina hilo la maneno mawili, mkazi alihama kutoka kundi la wasio na dai lolote juu ya nyumba hadi kundi la wenye dai. Mfasiri akiandika "mpangaji" peke yake, amefuta nusu ya haki yenyewe.

Maendeleo na uendelezaji

*Maendeleo* ni hali ya kusonga mbele kuelekea ubora, na katika Kiswahili neno hili karibu daima ni sifa njema. *Uendelezaji*, kutokana na -endeleza, ni tendo la kubadilisha matumizi ya kiwanja au kujenga juu yake. Uendelezaji unaweza kuwa mzuri au mbaya: kiwanja kikijengwa ghorofa juu ya mkondo wa maji, kimeendelezwa.

Kiingereza hutumia neno moja kwa maana zote mbili, na hapo makosa ya tafsiri huanzia. Ombi la kujenga ghorofa kumi likiitwa "mradi wa maendeleo", aliyewasilisha pingamizi anakuwa "mpinga maendeleo" kabla hajafungua kinywa. Likiitwa "ombi la uendelezaji", swali linabaki wazi: je, uendelezaji huu una manufaa? Vivyo hivyo, *mwendelezaji* ni anayeendeleza kiwanja, *mkandarasi* ni anayejenga kwa mkataba, na *mwekezaji* ni anayeweka mtaji. Mtu mmoja anaweza kuwa wote watatu, lakini neno mwekezaji huja na heshima ambayo mengine mawili hayana.

Holela, yasiyopangwa, yasiyo rasmi, mabanda

Kila moja kati ya majina haya hupima jambo tofauti. *Makazi yasiyopangwa* hayana mchoro wa mipango miji. *Makazi yasiyo rasmi* hayatambuliwi kisheria. *Mtaa wa mabanda*, unaotajwa zaidi Kenya, huelezea aina ya majengo. *Makazi holela* humlaumu mjenzi kwamba alijenga ovyo.

Tofauti hizo ni muhimu kwa sababu nyumba imara ya matofali inaweza kuwa katika eneo lisilopangwa, na banda linaweza kuwa juu ya kiwanja chenye hati. Aidha, wengi walijenga mahali ambapo viwanja vilivyopimwa havikutosha, wakafuata mipaka iliyoshuhudiwa na majirani na mjumbe. Utaratibu ulikuwapo, ila haukuwa wa ofisi. *Urasimishaji*, yaani kupanga, kupima na kutoa hati katika eneo ambalo tayari limejengwa, hauwezekani bila kuukubali utaratibu huo wa mwanzo. Kwa maandishi yasiyoegemea upande, "yasiyopangwa" linafaa kuliko "holela".

Msongamano na ujazo

*Msongamano* ni hali ya kubanana, nayo ni kero: msongamano wa magari, msongamano wa wagonjwa. *Ujazo* ni kipimo. Wataalamu wa Tanzania huzungumzia viwanja vya ujazo mkubwa, wa kati na mdogo, kulingana na ukubwa wa kiwanja na idadi ya nyumba katika eneo.

Vipimo hivyo vina historia. Katika enzi ya Waingereza, Dar es Salaam iligawanywa kwa kanda za ujenzi zilizolingana na rangi za watu, na lugha ikazipa majina: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uzunguni palikuwa na nyumba chache zenye bustani kubwa; Uswahilini nyumba zilikaribiana. Ubaguzi wa kisheria uliondoka, lakini neno *uswahilini* limebaki likimaanisha mahali penye watu wengi na huduma chache.

Nairobi inatoa mfano wa upande mwingine. Kilimani na Kileleshwa, mitaa iliyokuwa ya nyumba za familia moja, imejaa maghorofa, na vyama vya wakazi vimepinga ongezeko hilo vikitaja maji, majitaka na barabara. Anayeripoti pingamizi lao kwa neno msongamano amekwisha kukubaliana nao. Anayetumia ujazo ameacha hoja ithibitishwe kwa hesabu ya mabomba na watu. Pande zote mbili zina haki ya kuchagua neno lao. Mfasiri hana haki ya kuwabadilishia.

Fidia na kifuta jasho

*Fidia* ni malipo ambayo mtu anastahili kwa hasara aliyosababishiwa. Ni haki, na inaweza kudaiwa mahakamani. *Kifuta jasho* ni malipo ya hisani au ya kupoza, yanayotolewa bila kukiri deni. Sheria za wanyamapori Tanzania hutumia kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama, na *kifuta machozi* kwa majeraha au kifo. Kwa makusudi hazisemi fidia.

Katika utwaaji wa ardhi, kanuni za Tanzania zinajumuisha thamani ya maendelezo yaliyofanywa kwenye ardhi, posho ya usumbufu, posho ya usafiri na posho ya makazi inayokokotolewa kwa pango la miezi 36. Ofisa akiwaambia wakazi kwamba watapata "kifuta jasho", amewaambia pia, bila kutamka, kwamba hawadai kitu. Mwanafunzi anayesoma muhtasari wa kikao kama hicho aanze kwa kutafuta ni lipi kati ya maneno hayo mawili limeandikwa, kisha aangalie ni nani anayelipwa: mmiliki, mkazi au mpangaji. Mara nyingi jina la mpangaji halimo katika orodha.